Tabo ya Temeke ikifika Njombe: Mwenye pikapu apige hesabu kwanza

PIKAPU inatoka Tandika jioni, nyuma imejaa sabuni, mafuta ya kula, chumvi na mabati machache ya mteja wa Makambako. Hadi Chalinze inakwenda vizuri. Morogoro inapita, Mikumi inapita, na dereva anaanza kuamini kwamba fundi aliyemfungia tabo 'kubwa' wiki iliyopita hakumla fedha yake bure.

Kisha inafika Kitonga.

Pale barabara inapoliacha bonde la Ruaha Mbuyuni na kuanza kujikunja kuelekea Ilula, pikapu inatema moshi mweusi, mshale wa joto unapanda na dereva anarudi hadi gia namba mbili. Malori yaliyokuwa nyuma yanaanza kupiga honi. Ni gari lile lile ambalo juzi lilikuwa likiruka kwenye Barabara ya Mandela, fundi akiwa kiti cha abiria anatabasamu.

Lawama humwangukia fundi, au spea, au 'Wachina'. Wakati mwingine ni haki yao. Lakini mara nyingi kosa limeanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa gereji: gari hili litafanya kazi wapi, na mzigo wake unapanda mlima au unashuka?

Kwa wafanyabiashara wa Temeke, Mbagala, Tegeta na Bunju wanaofuata viazi Njombe na Makete, mboga Lushoto au maharage Mbeya, swali hilo lina thamani ya mamilioni ya shilingi. Tabo ni kifaa ghali. Injini iliyouawa na tabo ni ghali zaidi.

Hewa ya Njombe si ya Temeke

Injini ya dizeli inakula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta yanapimwa na pampu. Hewa haipimwi na mtu, inaingia kiasi kile ambacho mazingira yanatoa, na kadiri gari linavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi.

Temeke iko karibu usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na huko presha ya hewa ni kama asilimia 79 ya ile ya pwani. Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, uko karibu mita 2,600, na presha yake ni kama asilimia 73. Baridi ya huko inasaidia kidogo, kwa sababu hewa ya baridi imeshikamana kuliko ya joto, lakini haiwezi kulipa pengo lote.

Kanuni ya mkono wanayotumia wahandisi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 inayopendwa na wachukuzi wa milimani, ina nguvu za farasi zinazokaribia 130. Ikifika Njombe inabaki na kama 105. Farasi 25 wamebaki njiani na hakuna spea iliyoharibika.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Mwenye gari anaona halivuti, anarudi Dar es Salaam na kumwambia fundi 'aongeze'. Fundi anazungusha skrubu ya pampu na kuongeza dizeli. Pwani, ambako hewa ipo ya kutosha, gari linachangamka kweli. Likirudi juu, dizeli imeongezeka lakini hewa ni ile ile pungufu. Matokeo yake ni moshi mweusi, ambao ni mafuta yaliyonunuliwa na kutupwa angani, na joto kali ndani ya silinda.

Ukweli ni kwamba injini isiyo na tabo ikipanda juu inatakiwa kupunguziwa mafuta, si kuongezewa. Baadhi ya pampu za Toyota zina kifaa kinachofanya kazi hiyo chenyewe kila gari linapopanda. Mwenye gari lenye kifaa hicho asikubali kizibwe.

Tabo inafanya nini

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka injini kwenda ekzosi, nyingine inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Nguvu inayoendesha kazi hiyo ni ya moshi ambao ungetupwa. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyesajili wazo hilo mwaka 1905.

Mlima ndio ulioitoa tabo utotoni. Mwaka 1918 mhandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu, akaifungia tabo na kuijaribu huko huko. Injini ilirudisha nguvu zake za bondeni. Kitu cha kujifunza kwa mwenye pikapu ni kwamba Moss hakuridhika na majaribio ya chini. Alikwenda kuijaribu mahali itakapofanya kazi.

Je, tabo inaondoa kabisa tatizo la mwinuko? Hapana, inalipunguza. Tuiite presha ya hewa ya Temeke 1. Tabo ya kawaida isiyo na kompyuta, iliyofungwa iongeze 0.8, inaipa injini 1.8. Njombe hewa yenyewe ni kama 0.8, tabo inaongeza 0.8 ile ile, jumla 1.6. Injini imepungukiwa asilimia 11, wakati jirani yake asiye na tabo amepungukiwa karibu asilimia 20.

Mwenye tamaa atasema: basi ikazwe iongeze 1 kamili, ili Njombe ipate 1.8 kama Temeke. Inawezekana, na mafundi wengi wanajua kuikaza fimbo ya valvu ya kupunguza presha. Lakini tazama kinachotokea. Pwani tabo ilikuwa inaizidisha hewa mara 1.8. Sasa Njombe inatakiwa kuizidisha mara 2.25. Ili kufanya hivyo lazima shafti izunguke kwa kasi zaidi, na tabo ni kifaa ambacho hata katika hali ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa nayo inatoka ya moto zaidi. Na gari hilo likirudi pwani, tabo iliyokazwa kwa ajili ya Njombe inaipa injini 2 badala ya 1.8, mzigo ambao huenda gasketi na pistoni hazikutengenezwa kuubeba.

Magari mapya kidogo yenye kompyuta, kama Hilux za injini ya 1KD, yana nafuu. Kompyuta inasoma hewa inayoingia na kurekebisha tabo na mafuta yenyewe. Kwa magari hayo kazi ya mwenye gari ni kuhakikisha tabo na vihisio vyake ni vizima, na kuachana na watu wanaouza 'kuongezewa nguvu' kwa kuidanganya kompyuta.

Kubwa si lazima iwe bora

Neno 'tabo kubwa' linauza sana katika maduka ya spea. Injini ya 1KZ ilikuja na tabo ya CT12B, 1KD na CT16V, 1HD-T na CT26. Mteja akiambiwa kuna kubwa kuliko ya kwake, kutoka lori au gari la injini kubwa, anaona ameokota dhahabu.

Feni kubwa ni nzito na inahitaji moshi mwingi ili iamke. Dereva wa gari dogo la starehe anaweza kuisubiri, maana anapandisha mizunguko ya injini hadi 3,000 na zaidi. Dereva wa pikapu yenye tani moja nyuma, akiwa gia namba mbili kwenye kona ya mlima na injini inazunguka mara 1,800, tabo yake kubwa bado imelala. Anakanyaga mafuta, mafuta yanaingia, hewa haijafika, moshi mweusi. Ndiyo ile picha ya Kitonga.

Kwa mlima na mzigo, tabo inayofaa ni ile inayoamka mapema, hata kama haitoi nguvu nyingi mwisho wa mbio. Kwa magari mengi hiyo ni ile iliyotoka nayo kiwandani, ikiwa nzima. Ushauri huu hauwapendezi wauzaji, lakini ndio unaolinda fedha.

Wenye 1HZ wako kwenye kundi la peke yake. Injini hiyo haikuja na tabo, na vifaa vya kuifungia vinapatikana. Ubanaji wake wa hewa ni kama 22 kwa 1. Toyota walipotaka injini ya lita 4.2 yenye tabo walitengeneza 1HD-T, wakashusha ubanaji chini ya 19 kwa 1 na kubadili hata namna dizeli inavyoingia kwenye silinda. Kiwanda chenyewe hakikuona kwamba kufunga tabo juu ya 1HZ kunatosha.

Anayefunga hata hivyo anatakiwa awe mpole. Presha ya kuongeza isizidi 0.5 hivi, mafuta yaongezwe kidogo sana au yasiongezwe kabisa, na ndani ya gari zifungwe saa mbili: ya presha ya tabo na ya joto la moshi wa ekzosi. Joto likianza kuvuka nyuzi 700 kabla ya tabo, dereva aondoe mguu na kurudisha gia. Bila saa hizo dereva anaendesha kwa kubahatisha, na atakayemwambia kwamba pistoni imeyeyuka ni fundi wa kufungua injini.

Mzigo unapanda au unashuka?

Sasa hesabu ya biashara, ambayo ndiyo inayosahaulika.

Mfanyabiashara wa viazi anayetoka Dar es Salaam kwenda Njombe hupanda Kitonga akiwa mtupu au na bidhaa za dukani, na hushuka Kitonga akiwa na viazi. Wa Lushoto vilevile: mboga zinashuka kutoka milimani kupitia Soni hadi Mombo, hazipandi. Kwa mtu wa namna hii, sehemu ya hatari zaidi ya safari ni mteremko, na tabo haifungi breki. Fedha ya kununulia tabo kubwa ingeanza kwa breki, matairi na mafuta ya breki mapya.

Ni tofauti kwa pikapu inayoishi juu. Hiyo inazunguka vijiji vya Makete na Njombe, inatoa magunia shambani mabondeni na kuyapandisha hadi barabara kuu ambako Fuso linasubiri. Kila siku inapanda na mzigo, kila siku iko katika hewa nyepesi. Tabo inayofanya kazi vizuri hapo inarudisha fedha.

Tuchukue mfano, na kila mwenye gari aweke namba zake. Tuseme kufunga tabo pamoja na mabomba, saa na ufundi ni Sh 3,000,000. Safari ya Temeke hadi Njombe na kurudi ni kama kilometa 1,400. Gari likila lita 12 kwa kilometa 100, ni lita 168. Tabo ikimpunguzia asilimia tano, ameokoa kama lita nane. Dizeli tuipe bei ya Sh 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu, ingawa bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi: ni Sh 24,000 kwa safari. Ili kurudisha milioni tatu zinahitajika safari 125. Kwa safari moja kila wiki ni zaidi ya miaka miwili.

Wapo watakaosema faida haiko kwenye dizeli, iko kwenye kuwahi soko. Ni kweli kwamba bei ya Temeke Stereo au Mahakama ya Ndizi pale Mabibo hupangwa alfajiri, na anayefika jua limetoka anapokea kilichobaki. Tuseme kuchelewa kunampotezea Sh 5,000 kwa gunia, magunia 10, na tabo inamwepusha na hasara hiyo mara moja katika kila safari nne. Ni wastani wa Sh 12,500 kwa safari. Ukijumlisha na dizeli, milioni tatu zinarudi baada ya safari 82, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa sharti kwamba katika muda huo injini haijafunguliwa hata mara moja.

Na hesabu hiyo inaharibika kabisa ikiwa dereva anaitumia tabo kukimbia. Tabo haipunguzi dizeli kwa mguu mzito.

Lumbesa nayo imo

Kuna njia nyingine ya kulipa gari nguvu milimani ambayo haihitaji hata boliti moja. Pikapu ya Land Cruiser tupu ni kama tani mbili. Ikibeba magunia 10 ya lumbesa ya kilo 130, jumla ni tani 3.3. Yakipakiwa magunia 10 ya kilo 100, jumla ni tani tatu. Uzito wa kupandishwa umepungua kwa asilimia tisa, ambayo ni karibu nusu ya nguvu yote iliyochukuliwa na hewa ya Njombe.

Lumbesa, ukiacha kwamba Wakala wa Vipimo wanaipiga vita chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kwamba inamnyonya mkulima aliyelipwa kwa gunia, ina hasara nyingine kwa mwenye pikapu. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia 10 ya kilo 100 yanaingia ndani ya kiwango hicho. Magunia 10 ya lumbesa yanatoka nje, na mwenye mzigo anakuwa ametafuta ushuru, mgogoro kwenye kizuizi na moshi mweusi kwa wakati mmoja.

Kabla ya kununua

Tabo nyingi zinazohukumiwa kuwa zimekufa si mgonjwa halisi. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za vijijini linaweza kuifanya tabo nzima ionekane mbovu. Bomba la mpira lililopasuka kati ya tabo na injini linavujisha hewa yote iliyosukumwa, na mara nyingi husikika kama mluzi au mpumuo gari linapokanyagwa. Nozeli zilizochoka zinatoa moshi mweusi vilevile. Hivi vikaguliwe kwanza, kwani gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tabo.

Moshi wa bluu ni habari nyingine. Huo ni oili inayoungua, na ukionekana pamoja na oili ndani ya mabomba ya hewa, uwezekano ni mkubwa kwamba bushi au sili za tabo zimekwisha.

Anayekwenda Gerezani kununua iliyotumika aende mchana, aiombe mkononi na kuishika shafti. Ikitikiswa pembeni, kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikivutwa mbele na nyuma isicheze kabisa kwa kuhisiwa na kidole. Mapanga ya feni yasiwe na alama za kugusa nyumba yake, wala ncha zisiwe zimeliwa. Nyumba ya upande wa moshi ikaguliwe nyufa. Muuzaji asiyeruhusu kushika aachwe na mali yake. Njia nyingine ni kubadili kiini cha ndani tu na kubaki na nyumba za zamani, ila kiini kiwe kimesawazishwa kwa mashine. Kwa kasi ile ya mizunguko, kasoro ndogo ya uzito inaua bushi.

Tabo mpya ikifungwa juu ya bomba la oili lililoziba itakufa kama ya kwanza. Bomba la kupeleka oili lisafishwe au libadilishwe, oili na chujio lake vibadilishwe siku hiyo hiyo, na tabo ijazwe oili kwa mkono kabla ya injini kuwashwa. Baada ya hapo oili isingoje kilometa 10,000. Kwa gari la mzigo na vumbi, 5,000 zinatosha.

Kwa dereva, sheria ni moja ya kushika: akimaliza kupanda Kitonga na kusimama Ilula kununua vitunguu, asizime gari papo hapo. Aliache lingurume taratibu dakika mbili. Tabo iliyotoka mlimani ina moto, na injini ikizimwa oili inasimama na kuungulia ndani ya bushi.

Mwisho ni makubaliano na fundi. Vijana wengi wa gereji za Keko na Yombo ni hodari, na baadhi wamepitia VETA Chang'ombe. Lakini fundi wa pwani anaseti gari kwa hewa ya pwani, hana nyingine. Aambiwe mapema gari linakwenda wapi, na iandikwe kwenye karatasi kwamba malipo ya mwisho ni baada ya safari ya kwanza ya juu, si baada ya mzunguko wa Barabara ya Mandela. Katika safari hiyo dereva asome saa ya presha na ya joto mara tatu, akiwa na mzigo: Kitonga katikati, Mafinga, na kilima kirefu kuliko vyote atakachokutana nacho baada ya Njombe. Namba hizo tatu aziandike na kumrudishia fundi.